Kilichonunuliwa ni bia

UZI. Ni mrefu, nitaushusha vipande vipande. Mwenye haraka au mwenye shida usiku huu aende moja kwa moja kipande cha mwisho, pale nimeweka saa na dawa. Waliobaki tukae.

Kipande cha 1

Mnaonifuata siku nyingi mnanijua: nesi wa dharura, Dar es Salaam, mpenda zamu za usiku kwa sababu mchana mabosi ni wengi. Huwa naandika kuhusu presha, sukari, na nyie mnaowapa vichanga maji. Leo naandika kuhusu kitu ninachokiona alfajiri ya Jumapili, halafu ikifika Jumatatu kila mtu anajifanya hakipo.

Kisa kwanza. Nimechanganya visa viwili vitatu na kubadilisha mambo, kwa hiyo asianze mtu kutafuta ni nani na ni baa gani.

Saa kumi na moja alfajiri. Bodaboda anaingia na binti, amemfunga kwa kanga kiunoni mwake asidondoke njiani. "Sista, nimemkuta nyuma ya baa amekaa chini, hana kiatu kimoja." Binti ana miaka ishirini na kitu. Ananuka pombe na matapishi. Haongei. Saa nzima baadaye anafika rafiki yake, anakaa kwenye benchi, na kabla hata hajauliza mwenzake anaendeleaje anasema: "Lakini sista, na yeye alizidi. Alikunywa za yule kaka tangu saa nne."

Alikunywa za yule kaka. Naomba mlishike hilo neno. Hakuniambia yule kaka alifanya nini. Aliniambia bia zilikuwa za nani.

Na yule bodaboda, wakati anaondoka, akasimama mlangoni akaniambia jambo lililonikalia wiki nzima. "Niliwaona wakimtoa saa saba, wamemshika huku na huku. Nikajua labda ni mtu wake. Nikasema hayanihusu."

Ningependa kuwaambia kwamba nilimkasirikia yule rafiki. Sikuweza. Miaka ya nyuma, nikiwa mgeni kazini, kituo kingine kabisa, alikuja binti wa namna hiyohiyo. Nikiwa na kalamu na faili mkononi, swali langu la kwanza lilikuwa "Ulikunywa ngapi?" La pili, "Sasa ulimfuata chumbani wa nini?" Akanitazama. Akasema anaenda msalani. Hakurudi. Aliondoka bila dawa ya kuzuia VVU, bila ya kuzuia mimba, bila lolote. Mpaka leo nikiona mtu wa umbo lake sokoni moyo unapiga. Chuoni hakuna aliyenifundisha kuuliza vile. Nilikuja nayo kutoka nyumbani, kama nilivyokuja na lafudhi yangu.

Kwa hiyo uzi huu hauandikwi na mtu msafi.

Kipande cha 2

Hoja yangu ni hii: elimu ya ridhaa tunawapa watu nusu, tena mahali ambapo jambo lenyewe halitokei. Inatolewa darasani. Inatolewa kwenye semina za hotelini zenye maji ya chupa na posho. Inatolewa kwenye kitchen party. Na karibu kila mahali anayefundishwa ni msichana, na anachofundishwa ni kujilinda: usitoke usiku, usiache glasi yako, usivae hivi, usipande gari la usiyemjua. Mengine ni ya maana, hata mimi mdogo wangu namwambia asiache glasi. Lakini ni kama kuwafundisha watembea kwa miguu sheria za barabarani halafu madereva tukawaacha, na trafiki naye tukamwambia hayamhusu.

Kuna jambo la chini zaidi. Sisi wa Pwani, na siyo wa Pwani peke yetu, tuna shule ya mapenzi ya zamani kuliko wizara yoyote. Unyago, somo, kungwi. Siibezi hata kidogo. Kungwi wangu alinifundisha kuhusu mwili wangu vitu ambavyo chuo cha uuguzi kilikuja kunirudia baadaye kwa majina magumu. Lakini nikikumbuka vizuri, hakuna siku niliyofundishwa nifanye nini nikiwa sitaki. Nilifundishwa kumpokea mume, kumpumzisha, kumsoma akiwa amekasirika. Nikafundishwa pia kwamba mwanamke mwenye adabu hakubali mara moja. Akatae kidogo. Aone haya, ageuze uso. Na siku ya posa, binti akiulizwa akainamisha kichwa, wazee wanatazamana: kimya chake ndiyo hiyo, kakubali.

Sasa piga hesabu. Binti anayetaka anasema hapana kwa sababu ya adabu. Binti asiyetaka anasema hapana kwa sababu hataki. Aliyenyamaza, kakubali. Mvulana aliyekulia ndani ya hesabu hiyo, ni jibu gani atakalolisikia ambalo si ndiyo?

Watu wanasema wanaume hawaelewi hapana. Wengine wanaielewa vizuri sana na wanapita juu yake. Hao dawa yao ni magereza. Lakini wapo wengi, na nimeongea nao, ambao kweli wamelelewa kuamini kwamba hapana ni hatua ya mchezo. Na sisi kina mama tumechangia. Binti akisema wazi "ndiyo, nakutaka" anaitwa malaya kabla hajamaliza sentensi. Tukimnyima neno la kukubali, la kukataa nalo linapoteza nguvu, maana "hapana" inabaki kubeba mizigo yote miwili. Kama tunataka hapana iheshimiwe, lazima tuvumilie kusikia ndiyo ya mwanamke bila kushtuka. Nikisema hivi kwenye kitchen party wanacheka sana. Halafu huwa kuna mmoja hacheki.

Na kimya tunachokiita ridhaa, hospitalini tunakijua kwa sura nyingine. Mwili unaganda. Mtu anasikia kila kitu, anaona kila kitu, mkono haunyanyuki, sauti haitoki. Ni kitu cha mwili, kama kutetemeka kwa baridi, mtu hajiamulii. Utafiti mmoja wa Stockholm, Sweden, uliochapishwa 2017, uliwahoji wanawake 298 waliofika kliniki ya dharura baada ya kubakwa au kujaribiwa kubakwa. Asilimia 70 walieleza kuganda huko kwa kiwango kikubwa. Saba kati ya kumi! Halafu mtaani tunauliza, "Kwani hakupiga kelele?"

Sheria yetu iliacha kuuliza hivyo zamani. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyobadilishwa na ile Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kinasema kwamba ushahidi wa kupambana, kama majeraha mwilini, si lazima ili kuthibitisha kwamba hakukuwa na ridhaa. Tangu 1998. Kuna watu wanalewa leo kwenye baa ambao hawakuwa wamezaliwa sheria hiyo inapitishwa, na hakuna aliyewahi kuwasomea.

Kipande cha 3

Basi mwaka jana nikaacha kulalamika nikaenda kumwona mama mwenye baa ya mtaani kwetu. Siyo ile ya yule binti. Nyingine.

"Nesi," akaniambia, "mimi nauza bia, siuzi maadili. Ukinibandikia hapa bango la ubakaji, nani atakaa?"

Nikamwambia sitaki bango. Nipe saa moja, Jumatatu alasiri, kabla ya wateja, nikae na watu wako. Alikubali, lakini kwa sababu zake: miezi michache nyuma binti aliyetoka kwake usiku alitafutwa siku nzima na ndugu, na polisi wakamsumbua yeye. Sikujali sababu. Nimejifunza kazini kwamba mgonjwa akimeza dawa, hata kama anameza ili mkewe aache kelele, dawa inafanya kazi.

Walikuja wahudumu wanane, dada wa kaunta, mabaunsa wawili, DJ, mchoma nyama, na bodaboda wanne wa kijiwe cha nje waliofuata soda. Nilikuwa nimeandaa maelezo mazuri kwenye karatasi. Sikuyafika. Mchoma nyama aliinua mkono dakika ya tano.

"Sista, samahani. Mimi nimenunua bia sita. Nyama nusu kilo, ndizi. Amekula, amekunywa, saa nane ananiambia anaenda kwao. Huo si wizi?"

Kicheko cha baa nzima. Mimi sikucheka, kwa sababu lile ndilo swali lenyewe, na afadhali yeye aliyeliuliza kuliko wale wanaolijibu wenyewe usiku. Nikamuuliza, wakati unaagiza ulimwambia bia ni za nini? "Si inajulikana, sista." Inajulikana na nani? Akatazama wenzake. Nikamwambia: kaka, kilichonunuliwa ni bia. Bia imeletwa, imenywewa, risiti imetoka. Kama kuna kingine ulidhani unanunua, hukukitaja, na hata ungekitaja mwenzio ana haki ya kubadili mawazo akiwa ameshika kitasa cha mlango.

Hapo mhudumu mmoja, mama wa watoto wawili, akadakia: "Mimi kwa siku napewa ofa tano. Nazirudisha kaunta nachukua hela, nalipa ada. Kwa hiyo nina wanaume watano?" Kicheko kikahamia upande wa pili.

Nisiwe mnafiki lakini. Kuchuna buzi kupo. Wapo wanawake wanaokaa mezani wakijua wanachofanya, wanaahidi kwa macho, wanakula, wanapotea kupitia mlango wa jikoni. Ni tabia mbaya na nimewaambia hivyo mabinti zangu mtaani. Dawa yake ni mwanaume kuacha kununua, au kununua akijua amenunua kampani ya jioni moja. Hakuna sheria nchi hii inayomruhusu mtu kujilipa deni kwa mwili wa mwenzake.

Tukaja kwenye neno "kuzima". Kila mtu wa baa analijua. "Yule kazima." Nikawaeleza kwamba kuna kuzima kwa kulala, huko kila mtu anakuona. Lakini kuna kuzima kwingine, ambapo mtu anatembea, anaongea, hata anacheza muziki, na ubongo haurekodi. Kesho hana kumbukumbu, si kwamba anadanganya. Kisha nikawasomea kile kifungu tena: hata mwanamke akiwa amekubali, kama amekubali akiwa amelewa kitu alicholeweshwa na huyo mwanaume au na mtu mwingine, ni ubakaji, isipokuwa ithibitike kwamba walishakubaliana kabla. Adhabu kwa mtu mzima haishuki chini ya miaka 30. DJ akapiga mluzi.

Kuhusu vidonge kwenye glasi: vipo, tahadhari ni muhimu. Ila dawa inayotumika zaidi kumlegeza mtu ni pombe yenyewe, inayouzwa kihalali, inaletwa mezani na mtu mwenye trei. Yule anayeagiza "mwongezee huyu, mimi niache" mnamjua. Wahudumu wote waliitikia kwa vichwa.

DJ ndiye aliyeuliza lile gumu. "Na kama wote tumelewa?"

Nilimwambia sina jibu la kumpendeza. Ulevi wako mwenyewe usitegemee utakusafisha mahakamani. Mimi kama nesi nina maswali ya haraka: anajua jina lako? Anajua yuko wapi? Anaweza kufungua simu yake mwenyewe? Anaenda chooni na kurudi bila kushikwa? Moja likiwa hapana, usiku umeisha. Mpe maji, mlaze kwa ubavu, asilale chali akatapika akapaliwa, muite aliyekuja naye. Na akifaulu yote hayo bado hujapewa ruhusa, ndiyo kwanza unaweza kuuliza. Ukiwa na wasiwasi, acha. Kama anakutaka kweli atakutaka na kesho saa nne asubuhi, amekunywa chai.

"Saa nne asubuhi atakuwa amebadili mawazo," akasema DJ.

Nikamwambia, basi umejibiwa.

Kipande cha 4

Uingereza wana mpango unaoitwa Ask for Angela. Ulianzia Lincolnshire 2016: mtu akijiona hayuko salama na aliyekaa naye, anaenda kaunta anamuulizia "Angela", mhudumu anajua hiyo ni ishara, anamsaidia kutoka kimyakimya. Wazo zuri, limeenea. Lakini waandishi wa BBC walipolijaribu London 2024, zaidi ya nusu ya sehemu walizotembelea hawakuitika inavyopaswa. Bango chooni lilikuwepo. Aliyesimama kaunta ndiye hakuambiwa.

Nilipowasimulia, wahudumu walitunga neno lao hapohapo, la kuagiza kitu ambacho baa ile haijawahi kuuza. Siwaandikii hapa, maana nikiliandika limekufa. Nilijisikia vizuri sana. Nikaanza kufunga daftari.

Ndipo dada mmoja, mdogo kuliko wote, ambaye hakuwa amesema neno, akauliza: "Sista, na mimi nani ananilinda?"

Akaeleza bila kulia, kama anayetoa hesabu ya siku. Kushikwa makalio anapopita na trei. Kuwekewa hela kwenye sidiria. Akitoa mkono wa mteja, mteja ananuna anaondoka bila kulipa, na ile bili inakatwa kwenye mshahara wake. "Ikifika mwisho wa mwezi, sista, nimelipia mimi kushikwa."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimekuja kuwafundisha wamlinde mteja, na nilikuwa sijauliza hata mara moja kama wao wenyewe mwili wao ni wao wakiwa kazini. Utamwambiaje mtu aende meza namba saba akamwambie bosi mwenye hela "dada huyu hataki", wakati yeye mwenyewe akisema hataki analipa faini? Kusumbua mtu kingono ni kosa la jinai, lipo kwenye Kanuni ya Adhabu hiyohiyo. Lakini yule binti hahitaji kifungu. Anahitaji ile bili isiandikwe kwake.

Mama mwenye baa alikuwa amekaa pale pale, na kitabu chake cha hesabu mapajani. Kimya kirefu. Mimi nilijifanya natafuta kalamu. Mwishowe akasema, bila kumtazama mtu: "Ya mtu wa kushikashika niletee mimi. Nitamdai mwenyewe, nawajua wote."

Kati ya yote yaliyotokea siku ile, hilo nalihesabu kubwa kuliko somo langu. Ukiniuliza elimu ya ridhaa baa inaanzia wapi, inaanzia kwenye kile kitabu cha hesabu.

Mengine kwa kifupi. Bodaboda walikubaliana kwamba mtu aliyezima hapakiwi na mwanaume ambaye hawajamwona akija naye; wanamtafuta kwanza mwenzake mezani. Mmoja akauliza, na nikikataa hela si atapanda ya mwenzangu? Atapanda, kama mwenzako hakukuwepo hapa leo. Wiki iliyofuata alikuja na wenzake sita.

Halafu gesti. Huko sijafika na ndiko ninakotaka kwenda. Mhudumu wa gesti ndiye mtu wa mwisho anayemwona huyu binti akiwa bado hajaumizwa. Anaandika kitabu cha wageni: jina, atokako, aendako. Mwanamke ameshikiliwa na watu wawili, hawezi kutaja jina lake, na wewe unaandika jina unalotajiwa na mwanaume? Kalamu iko mkononi mwako. Muulize yeye. Akishindwa kujibu, chumba hakuna. Najua bosi wako atasema unafukuza wateja. Mwambie miaka 30.

Sitaki mdhani kila kitu kilikwenda sawa. Baunsa mmoja alinielewa vibaya. Ijumaa ya pili akamtoa nje binti aliyelewa, "kwa usalama wake", akamfungia geti, akamwacha barabarani saa nane usiku. Bodaboda ndio walioniambia. Ilibidi nirudi Jumatatu nyingine nianze upya: kumsaidia mtu maana yake unabaki naye mpaka awe na mtu wake. Alikuwa amenuna kweli, akasema mwanzo sikusema hivyo. Na ni kweli, sikusema.

Na mwanaume mmoja, sisemi yupi, alinifuata nje nikiwa nasubiri daladala. Aliniuliza kama haya mambo yanawapata na watoto wa kiume. Nikamwambia yanawapata: ule uchunguzi wa taifa wa ukatili dhidi ya watoto wa 2009 ulikuta karibu mvulana mmoja kati ya saba alifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na kwa wasichana karibu watatu kati ya kumi. Akatikisa kichwa, akasema "ahaa," akawa anachora chini kwa kiatu. Daladala mbili zilipita tukiwa tumesimama. Sikumuuliza kitu. Ya tatu ilipokuja aliniambia nipande, tutaongea. Tuliongea, lakini hayo ni yake.

Kipande cha 5

Kabla ya dawa, niwajibu wanaoniandikia kwamba nahalalisha ulevi na zinaa. Mimi sikumfundisha mtu kwenda baa. Nilikuta zimejaa. Vigodoro vinapigwa marufuku kila baada ya muda na kila baada ya muda vinarudi, na watoto wenu wamo. Kitandani kwangu alfajiri wamelala wanakwaya na wanamadrasa, hawaji na kibandiko cha imani. Na wengine hawakutoka baa. Wametoka harusini, wametoka msibani, usiku wa matanga watu wamelala mkekani kwa safu. Ridhaa inatakiwa huko pia.

Sasa shikeni haya, mpigie picha.

Ikitokea, saa inaanza kuhesabu. Dawa za PEP za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Zinamezwa siku 28 mfululizo. Wengi wanaacha siku ya kumi kwa sababu ya kichefuchefu, usiache, rudi tukusaidie. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba, mnayoiita P2, imezwe mapema iwezekanavyo ndani ya saa 72. Hadi siku ya tano bado inaweza kusaidia ila nguvu inapungua. Utapewa pia dawa za kisonono, kaswende na klamidia, na chanjo ya homa ya ini B kama hujachanja. Zikipita saa 72 njoo vilevile, mengi bado yanatibika, na kuongea nako ni tiba.

Ukiweza, usioge kwanza. Najua ndicho kitu cha kwanza mwili unachotaka. Nguo usizifue, ziweke kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, siyo wa plastiki, maana plastiki inatunza unyevu na ushahidi unaharibika. Ukiwa umeshaoga, njoo. Umeshafua, njoo. Kama unahisi uliwekewa kitu kwenye kinywaji, mwambie mhudumu wa kwanza unayemkuta, kipimo cha mkojo hakisubiri.

PF3 ni fomu ya polisi na ni muhimu kwa kesi. Lakini matibabu ya dharura hayasubiri PF3. Ukifika kituo cha afya ukaambiwa "kalete fomu kwanza", omba kuonana na mganga mfawidhi au kiongozi wa zamu, sema neno "dharura", sema "saa 72". Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wako chumba kimoja na husimulii mara nne. Polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa mtoto, piga 116.

Na wewe uliyemsindikiza: kaa naye. Shika pochi yake. Usiseme bia zilikuwa za nani.

Manesi wenzangu, nanyi mnanisoma, najua. Swali la kwanza liwe "Uko salama sasa hivi?" La pili, "Ilikuwa saa ngapi?", kwa ajili ya dawa tu. Idadi ya chupa tutaijua kwenye vipimo ikihitajika.

Yule binti wa kiatu kimoja, kama mlikuwa mnasubiri, alianza dawa saa kumi na mbili na robo. Alimaliza siku 28. Siku ya mwisho alikuja na yule rafiki yake, wamekaa benchi lilelile, rafiki ndiye aliyebeba kile kitabu cha kliniki.

Jumatatu hii naenda baa ya pili. Mwenyewe kasema niwahi kabla ya saa kumi, gari la bia linashusha saa kumi na moja na akianza kuhesabu kreti hasikilizi mtu.